Mche Uliokufa Haulipiwi

Watu wakimtaja Wangari Maathai huanza na Uhuru Park, au na tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi huanza na hesabu. Kazi yangu ni kuwawekea vitabu akina mama wa vikundi na mashirika madogo ya Nairobi na Kiambu, yale yenye chumba kimoja cha ofisi na mfadhili mmoja anayedai ripoti kila robo mwaka. Katika kazi hii sijapata historia inayonifaa kuliko miaka ya mwanzo ya Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti. Kabla halijajulikana duniani lilikuwa shirika dogo, halina fedha, na namna lilivyozitafuta, likazigawa na kuzitolea hesabu ni habari ambayo sisi watu wa vitabu tumewaachia wanaharakati waisimulie kwa muda mrefu mno.

Chanzo chake kilikuwa biashara. Mwaka 1974 Mwangi Mathai, mumewe, aliwania ubunge wa Lang'ata akawaahidi wapiga kura ajira. Akashinda. Aliyeona kwamba ahadi ile ni deni ni mkewe, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Akafungua kampuni, Envirocare, iwaajiri watu wa mitaa ya maskini kutunza bustani za wenye nacho na kupanda miti, kitalu kikawa katika msitu wa Karura. Haikwenda mbali. Mwenye bustani hakutaka kutoa pesa kabla ya kazi, na kibarua hakuwa na akiba ya kumvusha mpaka siku ya malipo. Hata nauli ilikuwa shida. Kila mweka hazina ninayemfahamu analijua shimo hilo lililo kati ya siku ya kufanya kazi na siku ya kupata fedha. Mashirika mengi mazuri yamezikwa humo, na wala si kwa sababu wenyewe walikuwa wezi au wavivu.

Wazo halikufa na kampuni. Maathai alilipeleka kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, akina mama wakaandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kila mmoja kwa jina la shujaa wa zamani kutoka jamii tofauti za nchi. Ilikuwa harambee, neno ambalo Mzee Kenyatta alikuwa amelifanya mwito wa taifa tangu 1963, na kama ilivyo katika harambee nyingi, siku yenyewe ilifana. Ila mingi ya miti ile ilikufa. Mahali penye watu wengi, bila wa kumwagilia wala wa kuzuia mifugo, mche hauna mwenyewe.

Miche ya mwanzo ilitoka Idara ya Misitu. Maathai alipomwambia mkuu wa idara kwamba wanataka kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, na Wakenya wakati huo walikadiriwa kuwa milioni 15, bwana yule alicheka, akasema wachukue miche yote wanayotaka, bure. Haukupita mwaka idara ikaomba ilipwe, maana akina mama walikuwa wanaimaliza. Hapo ndipo vitalu vya vijijini vilipozaliwa. Maafisa wa misitu walikuja kuwafundisha wanawake kwa lugha ya chuoni, habari za mwinuko wa kitalu na vipimo vya udongo, na wanawake, ambao walikuwa wamepanda maharagwe na mahindi maisha yao yote, wakaona wanacheleweshwa. Wakaokota mbegu chini ya miti ya kwao. Wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika na mikebe iliyotobolewa, wakaiweka juu ambako kuku na mbuzi hawafiki.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni lile la malipo. Kwa kila mche uliopandwa na ukapona, kikundi kililipwa kiasi cha senti 4 za Marekani. Soma tena masharti hayo: ukapona. Hakuna aliyelipwa kwa kuhudhuria mkutano, wala kwa kuchimba shimo, wala kwa kuonyesha kitalu kilichojaa miche ya kupigwa picha. Malipo yalisubiri mpaka mtu aende shambani, ahesabu iliyo hai, arudi na idadi. Senti hizo zilikuwa chache, lakini zilimfikia mwanamke mwenyewe mkononi, na wengi wao hawakuwa na njia nyingine ya kupata fedha taslimu isiyopitia kwa mume.

Nimeona utaratibu kama huo ukifanya kazi katika kikundi kimoja ninachokiwekea vitabu. Daftari lao ni lile la shule la kurasa 120, limechorwa safu kwa rula: jina la mwanachama, aina ya mti, iliyotolewa kitaluni, iliyopandwa, iliyo hai mara ya kwanza, iliyo hai mara ya pili, saini au alama ya kidole gumba. Mhesabuji hahesabu shamba lake mwenyewe wala la ndugu yake. Idadi ikishuka sana kati ya safu mbili, swali huulizwa hadharani, mbele ya wote, na mara nyingi jibu ni mbuzi wa jirani. Wiki hiyo hiyo ua hujengwa. Nimesoma ripoti za mashirika makubwa zenye majedwali ya rangi ambazo hazikunionyesha hata nusu ya ninachokiona katika safu ile ya pili ya iliyo hai.

Turudi kwenye fedha. Mwaka 1980 Maendeleo ya Wanawake, chama kikubwa kuliko vyote ndani ya Baraza, kilijiondoa, na sehemu kubwa ya uwezo wa Baraza ikaondoka nacho. Maathai, aliyekuwa mwenyekiti mpya, akarithi ofisi yenye kazi nyingi na hazina tupu. Kisha mwaka 1982 akajiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Alikuwa na watoto watatu na hana mshahara.

Misaada miwili ndiyo iliyoliokoa shirika, na ni vizuri kuitofautisha. Wa kwanza ulitoka kwa mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake, zaidi ya dola 120,000, fedha ambazo shirika lile halijawahi kuziona. Hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa senti za miche, kijiji kwa kijiji. Wa pili ulitoka kwa Chama cha Misitu cha Norway, na kwangu huo una uzito zaidi ingawa haukuwa mkubwa. Wanorway walimtafuta mtu wa kuratibu kazi, wakakubali kumlipa posho, na mtu huyo akawa Maathai mwenyewe. Leo hii ninakaa na wafadhili wanaotaka kununua miche, mabango na fulana, lakini ukiwatajia mshahara wa anayehesabu miche wanakunja uso na kuuita gharama za uendeshaji. Ni gharama za kazi yenyewe! Bila yule wa kuzunguka na daftari, senti 4 zingelipwa kwa vijiti vikavu.

Mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi Julai 1985. Wajumbe walipelekwa kuviona vitalu kwa macho yao, na milango mingi ya ufadhili ikafunguka baada ya hapo. Mwaka 1987 Green Belt likajitenga na Baraza, likasimama peke yake.

Ndipo ikaja 1989. Serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Maathai akaandika barua za kupinga, huku na ng'ambo. Shirika likapewa saa 24 kuondoka katika jengo la serikali lililokuwa ofisi yake kwa miaka kadhaa. Wafanyakazi wapatao 80 wakahamia nyumbani kwake South C, nyumba ya kawaida ya familia. Mafaili yakajaa vyumbani na watu wakafanyia kazi popote palipokuwa na nafasi ya kukaa. Kisha serikali ikataka vitabu vya hesabu.

Hapa huwa nasimama ninaposimulia. Kelele za Bungeni, matusi ya kwamba ni mwanamke aliyeachika, vitisho vya kulifuta shirika: hayo yote yangeweza kuvumiliwa na mtu jasiri. Ukaguzi hauvumiliwi kwa ujasiri. Ama risiti ipo ama haipo. Vitabu vilikaguliwa, shirika likabaki, na mapema mwaka 1990 wawekezaji wa jumba lile wakajitoa. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali, iliyotaka kila moja lisajiliwe na kutoa taarifa. Sheria hiyo ilidumu hadi tarehe 14 Mei 2024, ilipoanza kutumika ile ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa tangu 2013.

Akina mama wengi ninaowahudumia waliiogopa sheria hii mpya walipoisikia redioni. Niliwaomba walete daftari. Mapato yalikuwa humo, matumizi yalikuwa humo, majina ya viongozi na tarehe za mikutano pia. Kilichobaki kilikuwa kuhamisha yaliyomo kwenye fomu, na kumtafutia mhesabuji wao mfadhili atakayekubali kulipa nauli yake ya kwenda mashambani.