Homa Inayongoja Mvua

Fungua kitabu cha udaktari popote duniani, iwe Cairo au Riyadh, utakutana na Homa ya Bonde la Ufa. Bonde linalotajwa ni hili letu, lile unaloliona kutoka juu ukielekea Nakuru, pale watu wanaposimama kupiga picha. Ugonjwa ulipewa jina hilo kwa sababu ya kondoo wa Naivasha.

Mwaka 1930 mvua ilinyesha kwa wingi. Katika shamba moja la walowezi karibu na ziwa, kondoo walianza kutupa mimba, na wana-kondoo wakafa kwa maelfu. Robert Daubney na wenzake wa maabara ya mifugo ya Kabete wakaitwa kuchunguza. Waliona kwamba wachungaji nao walikuwa wakiugua homa. Waliona pia kwamba kondoo waliohamishiwa nyanda za juu zaidi, mbali na mbu wa bondeni, waliacha kufa. Mwaka 1931 wakachapisha walichokipata. Kwa hivyo zaidi ya miaka 90 iliyopita tulishajua mpangilio wake: mvua, mbu, mifugo, halafu binadamu.

Lakini mvua ikiisha, ugonjwa huwa umeenda wapi? Jibu lilipatikana miaka ya themanini, na lilitoka kwenye udongo. Kuna mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai katika mabonde madogo yanayoshika maji. Virusi vinaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwenye yai, na yai hilo linaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka. Mafuriko yakija, mayai yanaanguliwa, na baadhi ya mbu wanatoka wakiwa tayari na virusi. Wanauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbu wa aina nyingine wanadaka kutoka hapo na kusambaza. Binadamu anapata kwa kuumwa na mbu, au kwa kugusa damu anapochinja au kumsaidia mnyama kuzaa. Wengi hupata homa na kupona. Wachache huanza kutoka damu, na kati ya hao wengi hufa.

Sasa soma historia ya Kenya ukiwa na hilo akilini. Mafuriko ya 1961, karibu na uhuru, yalifuatwa na homa kwenye mifugo. Kisha ikaja El Niño ya 1997, ile ambayo wazazi wako bado wanaitumia kuhesabu miaka. Desemba hiyo, vifo 170 vya watu waliokuwa na homa na kutoka damu viliripotiwa katika wilaya ya Garissa. Barabara zilikuwa zimekatwa na maji. Wataalamu walikadiria baadaye kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya hiyo pekee. Hebu fikiria: wengi wao hata hawakufika hospitali. Wangefikaje?

Basi ungedhani tulijifunza. Na kweli, kuna kitu tulijifunza. Mwaka 1999 wanasayansi walionyesha kwamba ukiangalia joto la bahari na rangi ya majani kwa setilaiti, unaweza kujua mapema mahali ambapo homa itazuka. Mwaka 2006 wakafanya hivyo. Onyo likatolewa wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa.

Na si setilaiti peke yake. Wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, linalohusu damu puani. Walikumbuka 1997. Walipoona mvua ile, mbu wale, na mbuzi wakianza kutupa mimba, walijua kinachokuja. Onyo lilitoka angani na likatoka malishoni pia.

Ila chanjo ya mifugo ilianza kutolewa Januari 2007, watu wakiwa wameshakufa. Kufikia Machi, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Uchumi nao ulipoteza zaidi ya shilingi bilioni 2. Nairobi ilishtuka pale nyama choma ilipoguswa: watu wakaogopa bucha, wakakimbilia kuku na samaki. Kwa wengi mjini, hiyo ndiyo kumbukumbu yote iliyobaki.

Kwa nini tulichelewa tukiwa na onyo mkononi? Mimi naona ni kwa sababu mfumo wetu wa afya umejengwa kumngoja mgonjwa. Bajeti hutoka watu wakishalazwa, dharura ikishatangazwa. Mbuzi aliyetupa mimba ni shida ya wizara nyingine. Lakini katika ugonjwa huu, mbuzi ndiye mgonjwa wa kwanza. Ukimchanja mapema, unamkinga mchungaji, mchinjaji, na muuguzi wa zahanati yenye kitanda kimoja. Binadamu hana chanjo iliyoidhinishwa; mifugo wanayo, na inatengenezwa hapa hapa Kabete. Shida ni kwamba lazima itolewe kabla ya mvua, wakati hakuna anayeumwa na hakuna kamera.

Zamani tungeweza kujifariji kwamba mvua kama ile huja mara chache. Sasa Bahari ya Hindi upande wetu inapata joto haraka, na bahari yenye joto hutuletea mvua kubwa za vuli. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Homa ilirudi Wajir na Marsabit mwaka 2018, ikarudi tena mapema 2024 baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023. Na inakuta hospitali zilezile za kaunti, ambazo mafuriko hayohayo yanazijaza wagonjwa wa kipindupindu na malaria.

Tukiambiwa mabadiliko ya tabianchi yanatishia afya, huwa tunafikiria ugonjwa mpya, wa ajabu, kutoka mbali. Huu hauko mbali. Mayai yake yako ardhini leo, na ng'ombe wanakanyaga juu yake wakienda kunywa maji. Kitu cha kuuliza kaunti yako msimu huu wa kiangazi ni rahisi: mifugo wamechanjwa?