Kamanda Aliyeshangiliwa Berlin na Njia ya Vita ya Babati

Basi la Arusha kwenda Dodoma likishapita Bagara na Ziwa Babati, hushika njia ya Kondoa. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, upande huu ulipitiwa na jeshi. Wapanda farasi wa Afrika Kusini, wa upande wa Waingereza, wakiongozwa na Jacob van Deventer waliteka Lolkisale, wakaingia Ufiome, nchi ya Wagorowa, kisha Kondoa. Masika ilikuwa imekolea. Mikokoteni ilinasa kwenye tope, chakula hakikuwafikia, na farasi walikufa kwa mamia kwa maradhi.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliona hatari ya kukatiwa Reli ya Kati. Akawatoa kaskazini watu wapatao 4,000 na kuwaleta Kondoa. Usiku wa tarehe 9 Mei alishambulia vilima walimojichimbia maadui. Askari wake walipanda mara kwa mara gizani wakirudishwa kwa bunduki, na kulipokucha vilima vilikuwa bado mikononi mwa van Deventer.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Kabla ya kuja kwetu Januari 1914, alikuwa Namibia chini ya Lothar von Trotha, katika vita vilivyowaangamiza Waherero. Sifa zake zilianzia Tanga, Novemba 1914, alipolishinda jeshi la Uingereza na India lililomzidi mno kwa idadi. Akapigana akirudi nyuma hadi Msumbiji, na akasalimu amri Novemba 25, 1918 huko Mbala, Zambia ya leo, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Machi 1919 Berlin ilimpokea kama shujaa asiyeshindwa. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali, akaondolewa jeshini.

Mimi sifa hiyo naikataa. Vita vyake viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi na kwa maghala ya wanavijiji. Mtama na ng'ombe vilichukuliwa na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, na Waingereza walipofika wakachukua kilichosalia, pamoja na vijana wa kubeba mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi ya wapagazi hao. Upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Ugogoni, kusini mwa Kondoa, njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920 inakadiriwa kuua watu 30,000. Mkulima aliyenyang'anywa mbegu alipanda nini mvua iliporudi? Swali hilo ndilo la kumpima nalo kamanda, kabla ya hesabu za mapigano aliyoshinda.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg Machi 1964, akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai Tanganyika, wazee waliokuwa wamesubiri ujira wao tangu vita kwisha. Familia za walionyang'anywa chakula hazikuwamo.