Kutoka Bungulu hadi Kisangani: Chuo Kikuu cha Serikali na watoto wetu

Hapa kwetu Bungulu, mtu akisema «yule alisoma Kisangani», watu wazima wanaelewa mambo mawili mara moja: alipata masomo ya juu, na alipita barabara. Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, kisha mto. Ni karibu kilometa 700 ndani ya pori, na mvua ikinyesha kamiyo ilikuwa inalala njiani siku na siku. Wazee wetu Bayira walikuwa wanapeleka vijana mbali na nyumba kwa olusumba, ili warudi wakiwa watu wengine. Safari ya Kisangani ilikuwa na kitu cha namna ile. Njo maana tumeona si vibaya kuongea juu ya Chuo Kikuu katika kijitabu cha mila.

Mwanzoni inchi yetu haikuwa na chuo kikuu kimoja, ilikuwa na vitatu, na kila kimoja kilikuwa na baba yake. Lovanium ilianzishwa mwaka 1954 karibu na Kinshasa, na baba yake alikuwa Chuo Kikuu cha Wakatolike cha Louvain, Ubelgiji. Ile ya Serikali ilifungua milango Lubumbashi mwaka 1956, na jina lake lilitaja Kongo pamoja na Ruanda-Urundi, juu ya hesabu ya wakoloni wakati ule. Ya tatu ilikuwa Kisangani, mwaka 1963, kazi ya Waprotestanti na marafiki wao wa Marekani. Hii ya tatu ilianza vibaya: mwezi wa 8 mwaka 1964 Wasimba waliteka muji, na masomo yakahamia Kinshasa kwa muda.

Kwa hiyo tangu mwanzo macho ya vyuo hivi yalikuwa yanatazama inje. Walimu wengi walitoka Ulaya, vitabu vilitoka Ulaya, na diploma ilipimwa kwa kipimo cha Ulaya. Lovanium ilipata hata mashini ya nguvu za atomu mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika nzima. Tunaweza kujisifu, lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 1960, wakati wa uhuru, Wakongomani wenye kumaliza chuo kikuu walikuwa wachache sana, unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mashini ilitangulia watu.

Kisha Serikali ya Mobutu ikaingia. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969 askari walipiga risasi juu ya wanafunzi wenye kuandamana Kinshasa, na wengine walikufa. Miaka miwili kisha, wenzao walipotaka kukumbuka wafu wale, wanafunzi wa Lovanium wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa 8 mwaka 1971 vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, na inchi ilipobadilisha jina, kikaitwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre.

Mpango wa UNAZA tuueleze polepole, juu ya wengi wamesahau. Rekta alikuwa mmoja kwa inchi nzima, naye alikuwa Monsinyori Tharcisse Tshibangu, tangu 1971 hadi 1981. Kila kampusi ilikuwa na visi-rekta wake. Fakulte ziligawanywa, hakuna kampusi ilikuwa na zote. Mtu akitaka kujifunza uganga au sheria, Kinshasa. Akitaka lugha, historia ao sayansi za jamii, Lubumbashi. Elimu ya nafsi na ya kufundisha, Kisangani. Kilimo, Yangambi, kilometa 100 hivi chini ya mto, pahali Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha kuchunguza mimea tangu 1933.

Kwa mzazi wa Beni maana yake ilikuwa hii: karatasi ya kutoka Kinshasa njo ilisema mtoto ataishi wapi. Tunajua vizuri ubaya wa mpango ule. Lengo lilikuwa kutenganisha wanafunzi ili wasisumbue Serikali, na mambo madogo yalingojea sahihi ya mbali. Lakini tusiseme uongo: pale njo watoto wetu walilala chumba kimoja na Muluba na Mungala, wakala fufu moja, bursi ikiwa bado inalipwa. Wengine walioana. Mpaka leo kuna jamaa hapa Bungulu zenye mashemeji Katanga kwa sababu ya fakulte.

Na dunia? Haikuondoka, ilibadilika. Lubumbashi ya miaka ya 1970 ilikuwa na V. Y. Mudimbe kati ya walimu wake, kabla hajaenda Marekani. Ilikuwa pia na Johannes Fabian, aliyefundisha kule toka 1972 hadi 1974. Bwana huyu alichukua Kiswahili chetu, hiki tunachoongea sokoni na ambacho walimu wa shule wanakisahihisha kila siku, akakiandikia vitabu. Aliongea na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye alimpigia picha mia moja na kidogo za historia ya inchi. Picha zile leo ziko Amsterdam. Tunafurahi kwamba zimelindwa. Lakini mtoto wa Kongo akitaka kuziona, anahitaji viza.

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na kila muji ukapata tena chuo chake na rekta wake. Uhuru huo ulikuja bila feza. Bursi ilikufa, na miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuongeza mshahara wa maprofesa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa 5 mwaka 1990, wanafunzi walishambuliwa katika kampusi ya Lubumbashi, na kisha yake ushirikiano na Ubelgiji ukakatika. Kisangani nayo ilipigwa mabomu mwezi wa 6 mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya muji. Pamoja na hayo, mwaka 2010 walimu wake walipanda mashua pamoja na wachunguzi kutoka Ubelgiji, wakahesabu samaki na mimea ya mto. Ushirikiano ulirudi kwa njia ya pori.

Sisi watu wa Beni tulianza kutafuta karibu. Butembo ilipata Graben mwaka 1989, chini ya Askofu Kataliko. Kisha ikapata pia chuo cha Serikali, kile cha Ruwenzori. Hapa Beni, tangu 2007, kuna chuo chenye kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, juu Uganda iko hapa tu. Tena barabara ya Komanda, tangu mauaji ya 2014, hakuna mzazi anaikanyaga kwa moyo mtulivu.

Kimebaki kitu kimoja. Kila aliyemaliza lisansi aliandika memwari, na wengi waliandika juu ya kwao: ndoa, mashamba, bei ya kahawa, majina ya vijiji. Nakala moja ilibaki Kisangani ao Lubumbashi, ingine iko ndani ya sanduku chini ya kitanda, panya wanaisoma. Tunaomba jamaa zenye kuwa nazo zituletee, hata kama kurasa zimekosa. Tutapiga fotokopi, na tutazirudisha wiki ile ile.