Sumu ya Njiti za Kiberiti
Katika karne ya 19, fosforasi nyeupe ya njiti za kiberiti iliozesha taya za waliozitengeneza. Wanawake na wasichana wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma mwaka 1888 na kupata, pamoja na mengine, chumba cha kulia mbali na sumu. Ushindi wa haki kabisa, ila mvuke wa kiwandani walizidi kuuvuta. Walioitetea fosforasi hiyo walisema wateja walitaka njiti inayowaka popote inapokwaruzwa. Hoja hiyo ilikwisha nguvu mwaka 1898, Ufaransa ilipopata kemikali mbadala. Na Finland ilikuwa imeshaipiga marufuku fosforasi nyeupe tangu 1872. Uingereza ilingoja hadi sheria ya 1908. Mwajiri wa leo mwenye sumu kazini, kabla ya kununua glovu na kufuli la stoo, jiulize kama sumu hiyo inahitajika.