Komeo la Mlango Lililoenda Vitani

Ukipita Kimathi Street pale town, kuna sanamu ya Dedan Kimathi. Watu hupiga picha hapo, wengine husimama wakingoja mtu aliyesema "niko karibu" na kumbe hata hajatoka kwao. Mkono mmoja Kimathi ameshika bunduki, mwingine ameshika kisu. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge Kamiti. Ile bunduki ya sanamu imenyooka, safi, huwezi fikiria ikikataa kulia. Leo nataka tuongee kuhusu zile zilizokataa.

Tuanze mwanzo. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari 20 Oktoba 1952. Watu wakaingia msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya wakiwa na mapanga, simi na bunduki za kuhesabu. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau wakavamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungulia wafungwa na kuondoka na silaha zaidi ya 40. Hiyo stori tunaijua, ni tamu. Lakini piga hesabu: silaha 40 na kitu, na msituni kuna maelfu ya watu. Zingine zitatoka wapi? Ilibidi watengeneze.

Na walitengeneza na nini? Paipu ya maji ikawa mtutu. Mbao ikachongwa ikawa kitako. Komeo la mlango, lile la kusukuma na kuvuta, likawa kile kitu cha kugonga risasi. Mpira uliokatwa kwa tyubu ukawa springi. Yaani mtu alibomoa nyumba na baiskeli ndio apate bunduki. Baadhi ya bunduki hizo ziko London hadi leo, kwenye makumbusho ya Imperial War Museum.

Sasa sikia shida ilikuwa wapi. Wengi wetu tunajua bunduki kutoka kwa movie, unafinya tu na inalia. Zii. Risasi inatoka kwa sababu kichuma kidogo chenye ncha kimegonga kitako chake, mahali palepale panapotakiwa, kwa nguvu ya kutosha. Kiwandani hicho kichuma hutengenezwa kwa chuma kigumu, na springi yake ina nguvu ileile leo na mwezi ujao. Komeo halikuundwa kwa hiyo kazi, liliundwa kufunga choo. Mpira nao huchoka, na Nyandarua ni baridi na mvua ya kila siku. Ncha inaisha, mpira unalegea, mtu anafyatua na kinachosikika ni "ka!" Halafu kimya.

Hebu kaa na hicho kimya kidogo. Askari yuko mbele yako na bunduki ya kiwanda. Umeshajionyesha. Na kitu kidogo kuliko kidole chako kimekuangusha.

Kama utabahatika kurudi, bunduki inapelekwa kwa fundi. Naye anaanza maswali ambayo kila fundi anayajua: ni mpira umechoka? Ni ncha imeisha? Ama ni risasi yenyewe iliingia unyevu? Fundi wa pikipiki hapo mtaani hujaribu hivi, akajaribu vile, hadi ipige. Huyu wa msituni alikuwa na tatizo lingine kabisa: kujaribu kunakula risasi. Na risasi hiyo ililetwa na mtu, mara nyingi mwanamke, aliyeificha kwenye mzigo wake akapita nayo mbele ya askari. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na risasi hata moja kungeweza kukupeleka kwa kitanzi. Kwa hivyo kila mara fundi alipotaka kuhakikisha kile kichuma kimepona, alikuwa anatumia kitu ambacho mwingine alikibeba kwa shingo yake.

Na ikipona, bado. Paipu ya maji haikutengenezwa kubeba mlipuko. Zingine zilipasuka, moto ukarudi usoni kwa mwenye kufyatua. Wapo walioumizwa na bunduki zao wenyewe kabla adui hajawagusa. Kwa hivyo sisemi haya ili msee aende kukata paipu nyuma ya nyumba. Zilikuwa silaha mbovu, na walizozishika walijua ni mbovu. Waruhiu Itote, yule General China, alikuwa amepigana Burma na jeshi la King's African Rifles. Alijua bunduki nzuri inakaa vipi. Hawakuwa washamba. Hawakuwa na kingine, na juu yao ndege za Lincoln za Waingereza zilikuwa zinaangusha mabomu msituni.

Mwishowe mahakama za kikoloni zilinyonga watu zaidi ya 1,000, na wengi wao kosa halikuwa hata mauaji. Kimathi mwenyewe alipofikishwa mahakamani Nyeri mwaka 1956, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake.

Maoni yangu ni haya. Historia tuliyopewa shuleni ni ya majenerali. General huyu, Field Marshal yule, barabara ile imepewa jina lake. Sikatai, wanastahili. Lakini nilikaa darasani miaka yote hiyo na sijawahi kusikia jina moja la fundi. Yule aliyekaa chini ya mti na tupa mkononi, akinoa ncha ya komeo, akijua akikosea kuna mtu atakufa kesho asubuhi. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mzee wa aina hiyo angejitaja vipi?

Kwa hivyo kama bado uko na guka au cucu aliyeishi miaka hiyo, usimuulize tu kama alimwona Kimathi. Muulize nani alikuwa anatengeneza bunduki, na nani alikuwa anabeba risasi. Halafu andika hilo jina, hata kwa simu. Hao wazee hawatatungoja.