Tarehe ya Majina ya Musaga

Musaga ni mtaa wa mteremkoni, kusini mwa Bujumbura. Zamani ulikuwa komini inayojitegemea. Mwaka 2014 ukageuzwa zoni ndani ya komini ya Muha. Simama mlangoni mwa darasa lolote la huko mwalimu anapoita majina: Ndayizeye, Bukuru, Nshimirimana, Minani. Utadhani hakuna wawili waliotoka nyumba moja, kumbe jana usiku wawili wamelala kitanda kimoja. Kwa desturi ya Warundi jina halirithiwi. Kila mtoto hupewa lake, na mara nyingi ni sentensi nzima.

Tuanzie kwa wafalme, kama tarehe zote. Majina ya mwami yalizunguka manne manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Ntare ni simba, Mutaga ni mchana, Mwambutsa ni mvushaji. Mwezi, msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Mwezi Gisabo ndiye Wajerumani waliyemlazimisha kusalimu amri Kiganda mwaka 1903. Ntare wa tano, aliyeitwa Ndizeye kabla ya kutawazwa, alipinduliwa Novemba 1966, na mzunguko ukakatika hapo.

Raia wao walihesabu. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo, na anayezaliwa nyuma yao ni Ciza.

Lakini utamu wa majina ya Kirundi uko kwenye ugomvi. Mtu akichongewa na jirani hakwenda kupiga kelele mlangoni kwake. Alingoja mkewe ajifungue, akamwita mtoto Bandyatuyaga: wananila huku tukizungumza. Au Baranyanka: wananichukia, jina lililobebwa na chifu mmoja mkubwa wa enzi ya Wabelgiji. Jioni mtoto anaitwa aje kula, na jirani ng'ambo ya ua anasikia, kila siku, kwa miaka. Watanzania wanao kina Tabu, Shida na Sikudhani, lakini hao husimulia masaibu; Bandyatuyaga anamnyooshea mtu kidole. Profesa Philippe Ntahombaye aliyapa majina haya kitabu kizima, kilichotoka Paris mwaka 1983, na kilistahili.

Kisha kuna majina ya Imana. Wamisionari walipokuja walilikuta neno hilo, wakalichukua kuwa jina la Mungu wao, wakaongeza la ubatizo la Kifaransa mbele. Lile la Kirundi likabaki na kazi yake. Imana imejificha ndani ya silabi moja, -yi-: Ndayizeye, namtumaini, Ndayishimiye, namshukuru, Ndayiragije, nimejikabidhi kwake, kwa kitenzi kilekile cha kumpa mtu ng'ombe akuchungie. Sindayigaya, simlaumu, nalipenda kuliko yote, maana halitolewi na mtu ambaye hajaonja la kulaumu. Hata marais watatu waliofuatana, Ndayizeye wa 2003, Nkurunziza wa 2005 na Ndayishimiye wa 2020, wanasomeka kama sala: namtumaini, habari njema, namshukuru. Kama mambo yalikwenda kwa mpangilio huo, waulizwe wakazi wa Musaga.

Msidhani ni mambo yetu peke yetu. Malcolm, jina la kale la Uskoti lililovaliwa na wafalme wanne, kwa Kigaeli ni Máel Coluim, yaani mfuasi wa Columba, mtakatifu aliyevuka bahari kutoka Ireland akafika kisiwa cha Iona mwaka 563. Nduwimana, mimi ni wa Imana, hana la kumwonea haya. Malcolm X, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1964, alilitupa jina la ukoo kwa kuwa lilitoka kwa mabwana wa watumwa, ila hilo la Kiskoti alibaki nalo.

Waskoti wenyewe walikwenda njia nyingine. MacDonald ni mwana wa Donald, na mwanzo alikuwa hivyo kweli. Baadaye jina likaganda likawa la ukoo, na leo MacDonald anaweza kuwa mtoto wa John na mjukuu wa Peter.

Ndiko tunakoelekea. Kizazi cha sasa Musaga ni kina Iradukunda, anatupenda, Ishimwe na Irakoze. Bado ni sentensi. Ila fomu za pasipoti na viza zina mstari wa jina la ukoo, na karani wa ughaibuni haelewi kwa nini baba na mwana hawafanani. Wapo wazazi wanaoona usumbufu umezidi, wanamwandikisha mtoto kwa jina la baba. Hivyo mtoto wa kwanza wa bwana Minani, kifungua mimba, anaitwa wa nane.