Kupukutika na Kumeng'enywa: Historia ya Jeni nuc-1

0. Utangulizi

Mwaka 1972, J. F. R. Kerr, A. H. Wyllie na A. R. Currie walichapisha makala iliyoeleza aina ya kifo cha seli ambacho si ajali wala jeraha. Katika kukitafutia jina, walishauriwa na James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, nao wakachukua neno la kale lenye kutaja kuanguka kwa majani mtini: apoptosisi. Tangu hapo elimu ya viumbe imebeba sitiari ya jani. Historia ya jeni moja ya mnyoo, iitwayo nuc-1, yaonyesha sitiari hiyo inafika wapi na inaishia wapi.

1. Mnyoo uliohesabiwa

Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa udongoni, wenye urefu wa milimita 1 hivi, na mwili wake hupenyeza mwanga. Sydney Brenner aliuchagua katika miaka ya 1960, huko Cambridge, Uingereza, ili kuchunguza ukuaji wa mnyama mzima. John Sulston aliutazama chini ya hadubini ukiwa hai na kufuatilia nasaba ya seli zake, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1983. Ilidhihirika kwamba mnyoo wenye jinsia mbili huzalisha seli 1.090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa. Katika kila mnyoo hufa seli zilezile, kwa wakati uleule. Kifo hicho, basi, kilikuwa sehemu ya ujenzi wa mwili wenyewe.

2. Maiti isiyomalizika

Mwaka 1976, Sulston alieleza minyoo ambayo jeni yake nuc-1 ilikuwa imeharibika. Seli zilizopaswa kufa zilikufa, na seli jirani zikazimeza kama kawaida. Hata hivyo, DNA ya marehemu haikuvunjwa. Ilibaki kama kitone kizito kilichoonekana kwa rangi ya maabara. Hata DNA ya bakteria walioliwa na mnyoo ilibaki katika utumbo wake. Hapo mambo mawili yalitengana: kuua seli ni kazi moja, na kuondoa mabaki yake ni kazi nyingine.

Utengano huo ulithibitishwa na jeni nyingine. Mwaka 1983, Hedgecock, Sulston na Thomson walieleza ced-1 na ced-2, ambazo zikiharibika maiti hazimezwi. Mwaka 1986, Hilary Ellis na Robert Horvitz walieleza ced-3 na ced-4, ambazo zikiharibika seli hazifi kabisa. Mwaka 2000, Wu, Stanfield na Horvitz walionyesha kwamba nuc-1 hutengeneza kimeng'enya cha jamii ya DNase II, kinachopatikana pia kwa wanyama wanyonyeshao. Walitumia mbinu ya kutia alama kwenye ncha za DNA iliyokatwa. Katika minyoo isiyo na nuc-1, alama hizo ziliongezeka badala ya kutoweka. Maana yake, vimeng'enya vingine hutangulia kukata, na nuc-1 hufanya kazi katika hatua ya kati.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2001, watafiti wa Japani walipochunguza panya wasio na DNase II. Panya hao walikufa kabla ya kuzaliwa, kwa upungufu mkubwa wa damu, na seli zao zenye kazi ya kumeza mabaki zilijaa DNA isiyovunjwa. Mwaka 2002 Brenner, Horvitz na Sulston walipewa Tuzo ya Nobel.

3. Hitimisho

Kiswahili kina kitenzi kinacholingana na sitiari ya Kigiriki: kupukutika. "Mpukutiko wa seli" ungeeleweka kwa msomaji yeyote aliyeona mti wakati wa kiangazi. Lakini jani likipukutika hulala chini na kuachwa, ilhali seli iliyokufa humezwa na jirani yake, na uzi wake wa urithi hukatwakatwa mpaka uishe. Jina linalotaja kuanguka tu limeacha nusu ya pili, ndiyo ile iliyofichuliwa na nuc-1. Lugha inayounda istilahi zake leo ina nafasi ya kutaja nusu zote mbili: kupukutika, kisha kumeng'enywa.